Milimita Saba

Shughuli yote ilitugharimu shilingi elfu kumi na tatu, mia nane na hamsini, ukiweka nauli, chai ya kungojea, na ile chupa ya maji ambayo hatukuihitaji. Nimeihesabu tena juzi, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki katika mazishi ya Mama Ndinda kule Tawa, wakati mchungaji wa tatu alipoomba dakika tano na sisi sote tukajua anamaanisha arobaini. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemwangalia kwa mara ya mwisho. Walikuwa wamemfunga kitambaa cheupe shingoni, wakakilaza vizuri, na nafikiri katika umati ule wote ni mimi na binti yake tu tuliojua kilicholala chini ya kitambaa, upande wa kulia, ukubwa wa tunda la zambarau. Alizikwa nalo. Halikumuua. Alikufa na miaka sabini na saba, usingizini, baada ya kula vizuri na kulalamika kwamba chumvi haikutosha. Mimi nilipewa dakika mbili za kusema kama mfanyakazi wake wa zamani. Nikasema alikuwa mwaminifu kwa mizani. Watu wakacheka kidogo, nikaketi. Mengine yote niliyameza, na yamekaa vibaya tumboni tangu siku hiyo, ndiyo maana nayaandika.

Ya kwetu nyumbani nitayaruka, hayana faida kwa mtu. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimefika mji wa Kitui na begi moja na mdomo, na Mama Ndinda akaniajiri kwa sababu ya mdomo. Alikuwa na kibanda cha machungwa na maembe sokoni. Machungwa yetu yalitoka Makueni, na kila wiki mbili nilivuka kwenda mji wa Wote kuyanunua kwa wakulima, kwa sababu yeye hakuweza kubishana na mtu juu ya bei. Angeambiwa shilingi tano, angesema asante. Sokoni aliongea kama mtu anayelipia kila neno. Kumbe alikuwa anajiwekea sauti. Siku ya Jumapili ndipo nilipoelewa: kanisani yeye ndiye alikuwa anaanzisha nyimbo za kwaya. Kinanda kilikuwa kimeharibika na hakuna aliyekuwa na haraka ya kukitengeneza, kwa sababu alipofungua mdomo kila mtu alijua aingilie wapi. Sauti ilipanda bila kusukumwa, ikafika pale juu ambapo wengine huanza kukunja uso, yeye akabaki amesimama tu, mikono imelala kwenye sketi, kama mtu anayengojea chenji yake.

Nilikaa katika chumba cha nyuma ya nyumba yake, upana wa kitanda na nusu. Ukuta kati yangu na jiko lake ulikuwa wa mabati, kwa hivyo nilisikia kila kitu, kifuniko cha sufuria, redio ya Kikamba asubuhi, maombi yake ambayo yalikuwa mafupi na yenye majina ya watu. Jina langu lilikuja la nne. Tulikula pamoja muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe mpaka yakakubali, na asubuhi chai ya maziwa kwenye vikombe vya bati. Ni kwa hiyo chai nilikiona. Alikunywa, akameza, na kitu kikapanda shingoni mwake upande wa kulia, kikashuka.

"Mwaitu," nikamwambia, nikimwita mama kwa Kikamba jinsi kila mtu wa rika langu alivyomwita, "hapo shingoni kuna kitu."

"Ni chai inashuka."

"Chai inashuka. Hicho kinapanda."

Akameza tena, safari hii mkono ukiwa shingoni. Kisha akasema, "Kunywa yako, tutachelewa kufungua."

Majirani walisema ni rovu, na kwamba rovu ni ukosefu wa chumvi ya dukani, basi kwa wiki mbili muthokoi wetu haukulika na mtu mwenye ulimi. Muuguzi wa zahanati ndiye aliyeokoa chakula. Aliigusa shingo kwa vidole viwili, akamwambia ameze, akasema hii ni tezi ya shingo, ipo kwa kila mtu, lakini ya mama imeota kitu ndani yake, na vidole havina macho. Akaandika karatasi mbili, moja ya kupima damu, moja ya ultrasaundi.

Siku hizo ultrasaundi kwetu ilikuwa mambo ya mimba. Tulipofika kwenye kituo cha picha pale Kitui, benchi lilikuwa limejaa matumbo. Mama Ndinda, miaka hamsini na minane, kitambaa kichwani, mkoba umeshikwa kwa mikono miwili, akabanwa katikati ya wasichana wawili walioweza kuwa wajukuu wake. Mimi nilikuwa dirishani nikizungumza na mhasibu. Bei ilikuwa elfu mbili. Nikamuuliza tumbo ni bei gani. Elfu mbili. Nikamwambia, "Dada, tumbo lote hilo, pengine na mapacha ndani, elfu mbili. Hii ni shingo. Iangalie ilivyo nyembamba. Nayo elfu mbili?"

"Dada, hatupimi kitambaa hapa."

"Basi tupatie bei ya nusu mita."

Hakupunguza hata shilingi. Nikarudi benchini nimeshindwa, na huko nikakuta mashauri yanaendelea. Msichana mmoja alikuwa anamwambia Mama Ndinda kwamba lazima anywe maji mengi, lita nzima, asiende chooni, la sivyo mashine haioni kitu. "Mimi nimekunywa tangu saa mbili. Ukikojoa wanakurudisha nyuma ya foleni." Mwingine, mwenye mdomo zaidi, akasema kwa sauti ya kunong'ona iliyofika mpaka mlangoni, "Na wewe mama, Mungu amekutendea makuu, umri huo!" Benchi likacheka. Mama Ndinda naye akacheka, akasema kama ni mtoto basi amepanda juu sana. Nikaenda nikanunua chupa kubwa ya maji, akanywa robo tatu, na mimi nikamaliza iliyobaki kwa sababu ilikuwa imelipiwa.

Aliyekuwa ndani aliitwa Bi Zuhura, wa familia ya zamani pale mjini ambayo babu zake walitoka pwani, na Kiswahili chake kilitufanya sisi wawili tuongee kwa uangalifu kama watu waliovaa viatu vipya. Chumba kilikuwa na pazia zito la buluu, kitanda chembamba, na skrini iliyotoa mwanga wa kijivu. Aliposoma karatasi akatuangalia.

"Shingo. Mbona mama unakaa kama una dhiki?"

"Nimekunywa maji," Mama Ndinda akasema.

"Nani kakwambia unywe maji? Mimi naangalia koo, si kibofu. Choo kipo pale mwisho, nenda, mama yangu, nenda upesi."

Aliporudi akalazwa, mto ukawekwa chini ya mabega ili shingo ifunguke, akapakwa jeli. Akashtuka kwa baridi yake. Bi Zuhura akaanza kupitisha kifaa polepole, kama mtu anayepiga pasi nguo ya hariri, na bila kuulizwa akawa anatueleza. Kwamba mashine inatuma sauti ambayo sikio la mtu halisikii. Sauti ikigonga kitu inarudi, na kila kitu kinairudisha kwa namna yake, maji kwa namna yake, nyama kwa namna yake. Mashine inachora huo mwangwi.

"Kwa hivyo inaimba," Mama Ndinda akasema akiwa amelala, macho darini, "halafu inaitikiwa."

Bi Zuhura akasimamisha mkono. "Naam. Miaka yote hii sijaisikia ikisemwa hivyo."

Akaupata uvimbe. Akaweka alama ya msalaba huku na alama ya msalaba kule, akavuta mstari katikati, akafanya hivyo mara tatu: urefu, upana, kina. Milimita ishirini na mbili, kumi na saba, kumi na nne. Nikaziandika nyuma ya kitabu cha risiti, kisha nikamwomba azirudie nihakikishe. Akasema kingo zake ni laini, hazijapenya nje. Hakuna chembe nyeupe kama mchanga, ambazo zingemtia wasiwasi. Tezi ndogo za kando ya shingo ni shwari. Lakini kwa ukubwa huo afadhali sindano ichukue kidogo kikapimwe. Wiki mbili baadaye tukarudi, na daktari wa upasuaji, ambaye alikuja Kitui mara moja kwa mwezi, akachoma huku Bi Zuhura akimwongoza kwa skrini, "kushoto kidogo, daktari, hapo, simama hapo." Mimi nilishika viatu vya Mama Ndinda. Sijui kwa nini nilivishika. Vilikuwa mikononi mwangu muda wote na hakuna aliyenipa.

Majibu yalitoka mema. Si saratani, na damu ilionyesha tezi inafanya kazi yake kama kawaida. Daktari alikuwa mtu wa maneno machache, na nilimpenda kwa hilo. Akasema anaweza kuutoa, lakini kuna neva, mshipa mwembamba kama uzi, unaopita nyuma ya tezi pale pale, na ndio unaoendesha sauti. Mara nyingi wanaupita salama. Mara nyingine unaumia, na mtu anabaki na sauti ya kukwaruza, au inakatika akienda juu.

"Juu wapi?" Mama Ndinda akauliza.

"Akipandisha sauti. Akiimba, tuseme."

"Mimi naishi huko."

Daktari akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Basi kwa leo sina sababu ya kukukata, mama. Tutaulinda kwa macho. Rudi baada ya miezi sita, upimwe tena hapa hapa, kwa mashine ile ile. Ukikua, au ukianza kukubana, hapo sitakuwa na la kufanya ila kuutoa."

Hapa hapa, mashine ile ile. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tatu na nilijua wauzaji wote wa dunia. Kila muuzaji husema urudi kwake. Hata mimi nilikuwa nikiwaambia wateja machungwa ya kibanda cha pili yana wadudu.

Sasa nifike mahali ninapoona aibu. Miezi sita ilipokwisha, msimu wa machungwa ulikuwa umechangamka na Mama Ndinda akaja nami Wote kuona mkulima mpya. Karibu na soko tukakuta kliniki imefunguliwa, bango bado linanuka rangi, ultrasaundi elfu moja mia mbili. Nikahesabu mara mbili. Mia nane zimeokolewa, na bado sijaongeza nauli ya kwenda kituoni. Nikamshika mkono. Ile ripoti ya Bi Zuhura tulikuwa nayo, Mama Ndinda aliibeba kila mahali kwenye mkoba, ndani ya Biblia. Nikamwambia anipe. Nikaitia chini ya gunia.

Mfanyabiashara ataelewa. Ukienda kwa muuzaji wa pili huonyeshi risiti ya wa kwanza. Ukimwonyesha, hafikirii tena. Anaangalia bei ya mwenzake, anapunguza kumi, na wewe unadhani umepata bei kumbe umepata kivuli cha bei. Unataka aseme lake, kutoka kichwani mwake, bila kuambiwa. Ndivyo nilivyonunua machungwa, ndivyo nilivyonunua viatu, na ndivyo nilivyonunua, Mungu anisamehe, picha ya shingo ya mtu. Kijana wa kliniki alikuwa mpole, msafi, mwenye foleni ndefu nje. Akauliza swali lililofaa. "Mama ameshawahi kupimwa? Kuna ripoti ya zamani?"

Nikajibu kabla Mama Ndinda hajafungua mdomo. "Hakuna."

Mama Ndinda akanigeukia. Kwa mambo ya bei aliniamini kama watu wanavyowaamini madereva. Kijana akapima, dakika nne hivi, akachapa. Karatasi ilikuwa na mstari mmoja wa maana: uvimbe upande wa kulia wa tezi, sentimita mbili nukta tisa.

Tulikaa kwenye kijumba cha chai ng'ambo ya barabara. Mandazi mawili, chai mbili.

"Imesema ngapi?"

"Ishirini na tisa, Mwaitu."

"Ile ya kwanza?"

"Ishirini na mbili."

Akahesabu kwa vidole chini ya meza, nikaviona vikienda. "Saba." Akapeleka mkono shingoni, akapima kwa kidole gumba na cha shahada nafasi ndogo sana, akaiangalia hewani. "Saba kwa miezi sita." Andazi lake akanisogezea. Nililila. Hilo nalo nalikumbuka.

Daktari hakuja mwezi ule, alikuwa na dharura kwingine, kwa hivyo tukaandikishwa kwa mwezi uliofuata. Jumamosi ya kwanza baada ya Wote, Mama Ndinda alienda mazoezi ya kwaya akawaambia anamwachia Mueni kuanzisha nyimbo. Mueni alikuwa muuza nguo kuukuu, sauti nzuri, pupa nyingi. Nilikasirika. Nikamwambia hata kisu hakijanolewa, mbona anajizika mapema? Alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo, na hakuinua macho.

"Nataka nimsikie akianzisha nikiwa bado na sauti ya kumrekebisha. Nikingoja mpaka baada ya kisu, nitamrekebisha na nini? Kwa mikono?"

Lakini hakumrekebisha. Jumapili aliketi nyuma karibu na mlango, midomo ikienda bila kutoa kitu. Watu walidhani amefunga kwa maombi. Na Jumamosi mchana, kwaya ilipofanya mazoezi kule kanisani, upepo ukiwa wa upande wetu tulizisikia nyimbo mpaka jikoni. Mueni alikuwa anaanza juu mno. Wimbo ulipofika katikati hakukuwa na mahali pa kupandia, na wanaume wakawa wanavuta kama watu wanaosukuma gari. Mama Ndinda alikuwa amesimama kwenye meko, anakoroga. Mwiko ukasimama. Mkono wake wa kushoto, uliokuwa pembeni, ukateremka kidogo, kiganja chini, kama mtu anayemtuliza mbuzi: shuka, shuka kidogo. Kule kanisani hakuna aliyeuona. Nikajifanya natafuta kiberiti.

Leo nikifikiria, hakuna siku mwaka ule nilimpenda kama siku hiyo, na hakuna siku niliyokuwa mwoga hivyo. Kwa sababu usiku wa kuamkia Jumamosi hiyo nilikuwa nimezitoa zile karatasi mbili, ya Kitui na ya Wote, nikaziweka kitandani sambamba, nikahesabu. Ya kwanza ina tarakimu tatu. Ya pili ina moja. Mtu akiniletea gunia na kuniambia ni refu kuliko lile la jana, nitamuuliza, uzito je? Upana je? Mimi, mwanamke wa kugonga kila chungwa kabla ya kulinunua, nilikuwa nimelinganisha vitatu na kimoja nikatoa jibu. Pengine hesabu ilikuwa sahihi. Pengine haikuwa. Njia ya kujua ilikuwa moja, nayo ni kurudi kwa Bi Zuhura na elfu mbili nyingine, na kusema nilienda penye rahisi, na kusema nilificha. Hiyo ilikuwa wiki ya nne. Nilinyamaza. Nilijiambia daktari ataona mwenyewe, yeye ndiye amesoma. Nikanyamaza ya tano, ya sita, ya saba. Nilikuwa na sifa moja tu katika mji ule, kwamba sidanganyiki kwa bei, na nilikuwa nailinda kwa shingo ya mtu mwingine.

Siku ya daktari tulifika na begi la kulazwa. Mama Ndinda alikuwa amefunga ndani yake gauni la kulalia, sabuni, na kitabu cha nyimbo. Daktari akaziweka karatasi mbili juu ya meza. Akasoma ya Wote, akasoma ya Kitui, akarudi ya Wote. Kalamu ikawa inagonga.

"Huyu wa Wote, alikuwa na hii ya kwanza mbele yake?"

Niliona Mama Ndinda anavuta pumzi ili aniokoe kwa uongo, yeye ambaye alishindwa kudanganya hata juu ya utamu wa embe.

"Niliificha," nikasema.

"Kwa nini?"

"Nilitaka aseme lake. Ndivyo tunavyonunua."

Hakunigombeza. Ingekuwa rahisi zaidi. Akachukua karatasi mpya, akaandika, akasema, "Nendeni kwa Zuhura. Sishiki kisu kwa sababu ya hii."

Safari hii hakuna aliyekunywa maji. Bi Zuhura akazisoma zote mbili akiwa amesimama, miwani ikiwa imeshuka puani, kisha akapaka jeli akaanza. Alichukua muda mrefu. Nilisimama kwenye pazia nikiangalia alama za msalaba zikiwekwa, zikifutwa, zikiwekwa tena. Mwishowe akaigeuza skrini kwetu.

"Huyu kijana hakubuni. Njoo uone, binti. Huu ndio uvimbe. Na hiki hapa kando yake, cheusi, ni kifuko kidogo cha maji. Ukipita kwa haraka unaona kitu kimoja kirefu, unavuta mstari kutoka huku mpaka kule. Amepima vyumba viwili akidhani ni nyumba moja." Akachukua ripoti yake ya zamani, akaweka kidole. "Kifuko hiki nilikiandika mara ya kwanza, mstari wa nne. Angeipata karatasi hii angejua aangalie nini. Ndiyo maana aliiuliza."

"Na uvimbe wenyewe?" Mama Ndinda akauliza. Sauti ilitoka ndogo.

"Ishirini na tatu, kumi na saba, kumi na nne."

"Umeongezeka moja!" nikasema. Nilikuwa nimeshazihesabu kichwani mara mbili.

"Binti. Nikimpima asubuhi na nikimpima jioni, mimi huyu huyu, mkono huu huu, naweza kupishana moja. Hiyo si kukua. Hiyo ni binadamu kushika kifaa." Akampangusa Mama Ndinda jeli kwa karatasi laini, mwenyewe, hakumwachia ajipanguse. "Uko pale pale ulipokuwa, mama. Rudi nyumbani na begi lako."

Miaka iliyofuata nilimpeleka kila ilipofika zamu yake, na ripoti zote za nyuma nikazibeba kwenye mfuko wa plastiki kwa mpangilio, nikawa namkabidhi Bi Zuhura kabla hajasalimia. Alinitania kwa hilo mpaka alipostaafu. Nimeona vituo vingi tangu hapo, na mashine nzuri kuliko ile, na bado nikiambiwa tarakimu ya mwili wa mtu nauliza kwanza: nani alipima, wapi, na alikuwa ameona nini kabla. Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile tulitoka nje juani, begi la kulazwa likiwa mkononi mwangu, tukaingia hotelini, yeye akaagiza chapati mbili na ndengu, akala zote. Aliomba mchuzi wa kuongeza. Nikamwangalia akimeza, kitu kikapanda, kikashuka, na sikuogopa. Ndipo nikamwambia lililobaki. Kwamba nilikuwa na shaka tangu wiki ya nne. Kwamba nililijua, au karibu nilijue, na nikamwacha akae pale nyuma karibu na mlango.

Alipangusa vidole kimoja kimoja. Nikamwambia nitafanya kazi mwezi mzima bila mshahara. Akahamia kidole kingine. Nikasema miezi miwili. Ilikuwa mara ya kwanza maishani napandisha bei nikiwa mimi ndiye mnunuzi.

"Pesa weka," akasema. "Jumapili zilikuwa saba. Nami nimehesabu mara mbili, nimejifunza kwako. Tatu za kwanza ni za yule kijana, na za haraka zake. Hizo namsamehe. Nne ni zako." Akavuta kiti karibu, akaongea kwa ile sauti yake ya sokoni, ya chini, kama ananiuliza bei ya maembe ya siku hiyo na kweli hajui. "Mwiitu wakwa, binti yangu, mimi sijui kudai, na wewe ndiye unayejua. Hebu nishauri. Ungekuwa ni wewe umekaa Jumapili nne na wimbo mdomoni hujautoa, na mtu aliyekuweka pale ni mtu unayempenda, ungeitisha nini?"